Jeki Huinua, Haishikilii

Mwaka jana, siku chache baada ya mvua za masika kukoma, mjukuu wangu alinijia nyumbani Ujiji akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa amemaliza mafunzo ya ufundi wa magari, naye alitaka kufungua gereji ndogo chini ya mwembe, kando ya barabara iendayo Kigoma mjini. Alinipa shikamoo, akaketi, akanikabidhi ile karatasi niisome, kama watu wengi walivyokuwa wakinikabidhi karatasi zao enzi nilipokuwa Mkuu wa Chuo. Ilikuwa orodha ya vifaa: spana za namba mbalimbali, jeki ya mafuta, pampu ya upepo, nyundo, chaja ya betri. Katika mstari wa saba alikuwa ameandika: “Stendi za gari, 4.”

Nilipoufikia mstari huo nilivua miwani. Mjukuu wangu alidhani nimeshtushwa na bei. Akaanza kunieleza kwamba stendi si lazima kwa kuanzia, kwamba mafundi wengi wanatumia magogo na matofali, na kwamba tukitaka tunaweza kuufuta mstari ule. Nikamwambia, “Usiufute. Futa mwingine wowote, huo uache.”

Sikumweleza sababu siku ile. Naieleza hapa. Mstari kama ule niliwahi kuusoma mwaka 1988, nikaukata kwa kalamu nyekundu.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, nami nilikuwa nimekabidhiwa kuongoza chuo kimoja cha ualimu katika mkoa huu wa Kigoma. Chuo kilikuwa na gari moja tu, Land Rover ndefu iliyokuwa imechoka. Gari hilo ndilo lililoleta mahindi na maharage, ndilo lililopeleka wagonjwa hospitali, ndilo lililoteremka hadi stesheni ya Kigoma kupokea mizigo iliyokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Vipuri vilikuwa adimu. Wanaokumbuka miaka ile wanajua kwamba hata kipande cha sabuni kilikuwa na foleni yake. Basi kila ilipokuja orodha ya mahitaji, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukata.

Dereva wetu, kijana wa miaka kama thelathini, ndiye aliyekuwa pia fundi wetu. Aliandika mahitaji ya gari kwa mwandiko wake wa taratibu: mafuta ya breki, mpira wa feni, tairi mbili, stendi nne. Vile vingine nilivipunguza. Stendi nilizikata kabisa, na pembeni nikaandika maneno mawili: “Jeki ipo.” Niliona nimefanya jambo la busara. Kama kuna chombo cha kuinua gari, cha pili ni cha nini?

Yapata miezi mitatu baadaye, maungio ya propela ya nyuma yakalika hata gari likawa linagonga vibaya. Ilikuwa asubuhi, na alasiri ile gari lilitakiwa kwenda Kigoma. Nilimwambia dereva, “Saa kumi nataka gari liondoke.” Ndivyo nilivyosema, tena nikiwa nimesimama, sikungoja jibu.

Gari lilikuwa limeegeshwa uani, mahali penye mteremko mdogo ambao mtu hauoni mpaka mvua inyeshe ndipo aone maji yanaelekea wapi. Dereva alivuta breki ya mkono, akaweka jiwe moja mbele ya gurudumu la mbele, akainua nyuma kwa jeki, akapanga matofali ya kuchoma chini ya ekseli pande zote mbili. Kisha akaingia chini akaanza kufungua propela.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo sikulijua wakati ule, na ambalo wenye magari mengi ya zamani ya aina ile wanapaswa kulijua. Katika Land Rover zile breki ya mkono haikamati magurudumu. Inakamata mhimili unaotoka nyuma ya giaboksi kwenda kwenye propela. Maana yake ni kwamba propela ikishafunguliwa, breki ya mkono inashika chuma kisichounganishwa tena na magurudumu ya nyuma. Mtu anaweza kuivuta hadi mwisho, na gari likawa huru kama toroli. Tena hata kabla ya kufungua propela, ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, lile lililo hewani laweza kuzunguka upande mmoja na lililo chini likazunguka upande wa pili, kwa sababu difu inaruhusu. Gari hilo likasogea na breki imevutwa.

Boliti ya mwisho ilipotoka, gari lilisogea. Si mbali, pengine upana wa kiganja. Jeki ikalala. Uzito wote wa nyuma ukaangukia matofali, nayo matofali yakapasuka, ekseli ikashuka juu ya mguu wa kushoto wa dereva.

Wanachuo walikuja mbio. Waling’oa nguzo mbili za uzio, wakaliinua gari kwa mabega na kwa nguzo, wakamtoa. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili chini ya goti. Alikaa hospitali miezi mingi. Alipotoka alikuwa akichechemea, naye anachechemea hadi leo. Hakuendesha tena gari la chuo. Tulimpa kazi ya stoo, na watu walinisifu kwa kutomwacha.

Katika taarifa ya ajali niliandika kwamba fundi alitumia matofali yasiyofaa. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli. Hakuna aliyeiulizia ile orodha, nami sikuitoa.

Tangu siku ile nilianza kuuliza mambo ambayo ningeyauliza mapema. Nilikuwa mwalimu wa sayansi kabla sijawa mkuu, nikawafundisha wanachuo kanuni ya Pascal kwa kuchora jeki ya mafuta ubaoni: pistoni ndogo inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni kubwa, na mkono wa mtu mmoja unainua gari. Mchoro ulikuwa mzuri. Ila sikuwahi kuwaambia kwamba kinachozuia gari lisishuke ni pete ndogo ya mpira na vali ndogo ya chuma. Pete ikichakaa, au uchafu ukiingia kwenye vali, mafuta hurudi yalikotoka na gari hushuka, pengine polepole, pengine kwa mara moja. Isitoshe, jeki ndefu ya chupa husimama juu ya kitako kidogo, na kichwa chake ni kidogo zaidi. Ikisukumwa kwa ubavu haina ubishi. Jeki imeundwa kwa kazi ya dakika chache, nayo ni kuinua. Kushikilia ni kazi nyingine, na ina chombo chake.

Wajenzi wa meli wameijua tofauti hii tangu zamani, na sisi wa Kigoma tulikuwa na mfano mlangoni petu. Nilikuwa nikiwapeleka wanachuo bandarini kuitazama Liemba. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ambayo ilifika huku mwaka 1914. Ikaunganishwa upya hapa, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina tunalolijua. Wanachuo walipenda habari za vita na kuzama. Mimi siku hizi nikiifikiria meli ile nafikiria jambo lisilo na sifa: miezi ile yote ilipokuwa ikiunganishwa nchi kavu. Kipande huinuliwa, huwekwa mahali pake, na mara tu kinapokaa, uzito wake hupewa magogo mazito yaliyopangwa chini ya mkuku na nguzo za pembeni. Hakuna anayelala chini ya meli iliyoninginia.

Basi mjukuu wangu na mimi tulikwenda Mwanga, hapa Kigoma, kwenye maduka ya vipuri. Nilikwenda na miwani, futi ya kupimia na daftari. Muuzaji alicheka kidogo, akaniita “mzee wa hesabu”. Nikamwambia kuwa hesabu hii niliifeli mara moja, nami narudia mtihani.

Kitu cha kwanza tulichokitafuta ni namba. Kila stendi inayostahili kununuliwa ina maandishi yanayotaja uzito inaoweza kubeba. Kama haina, au karatasi yake imebanduka na muuzaji anakuambia kwa mdomo, iache. Lakini namba nayo ina maswali yake. Swali la kwanza: ni ya stendi moja, au ya jozi? Wako watengenezaji wanaoandika tani 3 wakimaanisha kila moja, na wako wanaoandika tani 3 wakimaanisha mbili kwa pamoja, yaani tani moja na nusu kila moja. Mtu asiyesoma maandishi madogo hujipunja nusu nzima. Swali la pili: ni tani ipi? Tani yetu ni kilo 1,000. Tani ya Marekani ni ratili 2,000, sawa na kilo 907. Stendi ya “tani 3” iliyopimwa Kimarekani hubeba kilo 2,720 hivi, na kama ni ya jozi, kila moja hubeba kilo 1,360.

Kisha tukapiga hesabu ya mzigo. Chukua gari la kilo 2,000. Ukiliinua mbele, kwenye injini, huenda stendi mbili zikapokea kilo 1,100 au zaidi kidogo, yaani 550 na ushei kila moja. Kwa hesabu ya darasani, stendi ya kilo 600 ingetosha. Ila gereji si darasa. Fundi anavuta spana kwa nguvu zake zote, gari linatikisika, upande mmoja unapokea zaidi ya mgao wake. Tena gari lililoletwa lina magunia nyuma ambayo mwenyewe hakuyataja. Kwa hiyo tumejiwekea desturi yetu: kila stendi iweze kubeba peke yake walau nusu ya uzito wa gari zima pamoja na shehena yake. Uzito huo tunausoma kwenye kitabu cha gari au kwenye kibati chake. Hatuukisii.

Mjukuu wangu akasema, “Basi babu, tununue kubwa kuliko zote, tumalize.” Tukazipima kwa futi. Zile za tani 6, hata zikishushwa hadi chini kabisa, zilikuwa na kimo cha karibu sentimeta 40. Huwezi kuziingiza chini ya gari dogo la teksi bila kuliinua kupita kiasi, na kadiri gari linavyokuwa juu ndivyo linavyokuwa jepesi kuyumba. Stendi ya kufaa ni ile ambayo uzito wake na kimo chake vyote vinalingana na gari. Tukachukua jozi moja ya tani 6 kwa Land Cruiser na magari ya mizigo midogo, na jozi moja ya tani 3 kwa magari madogo, zote zimeandikwa uzito wa stendi moja moja.

Tulizigeuza, tukatazama mishono ya kuchomelea, tukapandisha na kushusha nguzo ya kila moja tuone kama meno yanakamatana hadi ndani. Tulichagua zenye pini ya ziada inayopita katikati, ili meno yakiteleza pini ishike. Mjukuu wangu alikuwa amenionyesha kwenye simu yake habari za Marekani: mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight iliwaita wateja warudishe stendi zake za tani 3 na tani 6, zaidi ya milioni moja, kwa kuwa meno ya baadhi yake hayakukamata sawasawa na zingeweza kushuka ghafla. Mwaka uleule baadhi ya zile zilizotolewa badala yake nazo zikaitwa zirudi, kwa kasoro ya kuchomelea. Namba ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa juu ya zote. Namba ni ahadi ya mtengenezaji, na ahadi hukaguliwa.

Tena ahadi hiyo ina masharti. Inahesabiwa stendi ikiwa imesimama wima, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na mzigo umekaa katikati ya kichwa chake. Chini ya mwembe wetu Ujiji hakuna sakafu. Kuna udongo ambao kiangazi ni kama jiwe na masika ni kama ugali. Mguu mwembamba wa chuma ukibeba nusu tani huzama upande mmoja, na stendi huinama. Kwa hiyo kabla ya kununua hata spana, tulimwaga zege pale chini ya mwembe, mahali pa kutosha gari moja. Fundi akiitwa njiani huchukua ubao mnene wa mninga wa kuweka chini ya kila stendi, na huchagua mahali tambarare, hata kama mwenye gari ananung’unika kusukuma.

Utaratibu wake niliuandika kwa chaki kwenye kipande cha ubao, kikatundikwa mtini. Kwanza kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kwani stendi nayo huanguka gari likisogea. Pili inua kwa jeki. Tatu weka stendi chini ya ekseli au chini ya sehemu ya chasisi iliyotajwa na kitabu. Nne shusha gari taratibu mpaka likae. Tano litikise kwa mikono ukiwa nje. Kama lina nia ya kuanguka, lianguke ukiwa umesimama. Ndipo uingie.

Nikiwa naandika maneno hayo nilikumbuka pia kazi yangu nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia mwaka 1977, walimu walihitajika kwa maelfu, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu wakiwa kazini vijijini. Baadhi yao niliwapokea chuoni miaka ya baadaye walipokuja kujiendeleza. Walikuwa wameinua jambo kubwa, na watoto wengi wa nchi hii wanajua kusoma kwa sababu yao. Lakini wengi walikuwa wamechoka kabla ya wakati. Tuliwainua haraka, tukawabebesha darasa zima, tukasahau kuwawekea kitu chini. Mara nyingi nilipokagua kazi zao niliandika kwa kalamu ileile nyekundu, “Jitahidi zaidi.” Siku hizi ningeuliza kwanza wamesimama juu ya nini.

Gereji ilipokuwa tayari, nilipanda bodaboda nikaenda Kibirizi kumtafuta yule dereva. Anaishi karibu na ufuko, na wanawe ni wavuvi. Nilimkuta ameketi akitazama mafundi wakikarabati mtumbwi uliovutwa juu ya mchanga, umeegemezwa magogo pande zote, kabari zimepigiliwa chini. Dagaa zilikuwa zimeanikwa na harufu ilikuwa ya nyumbani. Akainuka kwa shida kunisalimu. “Shikamoo, Mwalimu.” Nikaitika, nikamwomba aketi.

Nilikuwa nimejiandaa tangu Ujiji, lakini maneno yalitoka ovyo. Nikamwambia kwamba mwaka ule, kabla ya ajali, aliomba stendi nne na mimi nilizikata. Kwamba katika taarifa nililaumu matofali. Kwamba nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka thelathini bila kumwambia.

Alinitazama, kisha akatazama mtumbwi. “Mwalimu,” akasema, “ile karatasi nililetewa na karani ilivyo. Niliisoma. ‘Jeki ipo.’ Nilijua siku zote.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, “Ningesema nini, nawe ndiye Mkuu? Halafu jiwe niliweka moja mimi mwenyewe. Ningeweka mawili.” Akanyamaza. Kisha akaongeza, bila ukali, “Lakini ungekuja mapema, ningefurahi.”

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Tuliketi mpaka jua likaanza kushuka upande wa Kongo. Nikamweleza habari za gereji ya mjukuu wangu na stendi tulizonunua. Hapo macho yake yakabadilika, yakawa macho ya fundi. Akauliza, “Za tani ngapi?” Nikamwambia. Akauliza, “Kila moja au jozi?”

Siku hizi huja Ujiji kila Jumamosi. Hukaa chini ya mwembe kwenye kiti nilichomwekea, fimbo yake magotini. Kijana yeyote akitaka kuingia chini ya gari kabla ya kulitikisa, yeye hugonga zege kwa fimbo mara mbili, na kijana hutoka.